Malalamiko ya Kufuatwa na Watu Kumi na Tisa hadi Nara

Teruhiko Muneoka,
Abeno, Osaka.
Novemba 20

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Ziara za Siku Moja ya Awayuki,
Osaka.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUFUATWA BILA RIDHAA NA WATU KUMI NA TISA, NA MADHARA YALIYOTOKANA NA HILO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pokea salamu zangu, pamoja na pole kwa kazi za msimu huu wa majani mekundu, ambao najua kwenu ni msimu wa mavuno. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mkazi wa Abeno tangu kuzaliwa, mkaguzi mstaafu wa lifti. Kwa miaka arobaini na moja nilipanda na kushuka ndani ya majengo ya jiji hili nikisikiliza kamba za chuma, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kunifuata. Mtu wa lifti hafuatwi. Watu humngoja atoke ndipo waingie.

Nimekaa wiki tatu na nusu nikingoja hasira ipoe ili niandike kwa adabu. Haijapoa, lakini naona adabu nayo isije ikachacha, hivyo naandika.

Alhamisi tarehe 26 Oktoba nilitoka nyumbani saa mbili na nusu asubuhi. Redio ilikuwa imetabiri mvua. Mwavuli wangu mweusi ulikuwa umevunjika ubavu, nikachukua wa marehemu mke wangu, ambao ni wa njano. Hilo ndilo kosa langu pekee katika jambo hili, na nalikiri mapema ili msijisumbue kulitafuta. Siku hiyo nilikuwa na shughuli tatu: daktari wa meno saa tatu na nusu, chakula cha mchana mahali ninapokula kila Alhamisi, na baada ya hapo treni ya kwenda Nara kwa jambo la kifamilia lisilowahusu. Sasa linawahusu, kama mtakavyoona.

Sikujua kwamba asubuhi hiyo, katika stesheni ile ile ya Tennoji, kampuni yenu ilikuwa imewapa wageni wenu waraka usemao: "Kiongozi wenu atakuwa karibu na lango la tiketi, ameshika mwavuli wa njano. Mfuateni, msimpoteze." Waraka haukusema lango lipi. Kiongozi wenu halisi, Bwana Yura, alikuwa kwenye lango la upande wa pili, na mwavuli wake wa njano, anangoja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba nilifuatwa.

Nilipopita langoni nilisikia nyuma yangu mchakacho wa viatu vingi, nikadhani ni umati wa kila asubuhi. Nilipopanda ngazi za umeme nikasimama upande wa kulia, kama ilivyo ada yetu Osaka, kisha nikageuka. Nikaona wazee kumi na tisa, wengi wao akina mama, wote wamevaa kofia za zambarau, wamejipanga upande wa kulia mmoja nyuma ya mwingine kama shanga kwenye uzi. Aliyetangulia alikuwa mama mfupi wa miaka sabini na nane, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Bi Hatsue Nosaka, mwenyekiti wa umoja wa watengeneza achari wa kijiji cha Kamimizo, huko Shimane. Aliwageukia wenzake akasema, "Mnaona? Huku wanasimama kulia. Katuonyesha bila kufungua mdomo. Huyu ndiye kiongozi."

Nikamwambia kwa heshima, "Samahani mama, mimi si kiongozi wenu."

Akawaambia wenzake, "Haya, ameanza."

Wakacheka wote kumi na tisa. Ndugu Mkurugenzi, wewe unajua masaibu yetu. Watu wa mikoani wameambiwa tangu utotoni kwamba mtu wa Osaka hana neno lisilo la utani. Tukisema tuna njaa, ni utani. Tukisema tumeshiba, ni utani uliokomaa. Nikajaribu tena: "Mama, nasema kweli. Mimi ni mtu wa lifti. Naenda kwa daktari wa meno." Mama mmoja mnene alishika mbavu, akasema, "Jamani, na hata saa tatu haijafika."

Nikaingia chooni nikakaa dakika ishirini na tano, nikiamini watakata tamaa. Nilipotoka niliwakuta wamepanga mstari, kila mmoja amekwisha kwenda haja, nyuso zao zina nuru. Bi Nosaka aliniinamia. "Tumesafiri na makampuni manne," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kukumbuka kwamba wazee wana kibofu."

2. Kwamba walinifuata hadi kwa daktari wa meno.

Chumba cha kungojea kina viti sita. Muuguzi aliniuliza, "Hawa ni nani?" Kabla sijajibu, Bi Nosaka akasema, "Tuko naye," kwa sauti ambayo hata mimi ilinifanya nifikiri kidogo. Walisoma majarida yote. Walimsifu samaki wa kwenye tangi. Nilipopigwa sindano ya ganzi niliguna, na nje ya mlango nikasikia mtu akisema kwa huruma, "Anateseka kwa ajili yetu." Nilipotoka nimezibwa jino, walinipigia makofi.

Hapa naomba mzingatie jambo la kitaalamu. Ganzi ile ilidumu karibu saa mbili. Kwa muda wote huo kila nilipojitetea, utetezi wangu ulitoka kama uji. Nilisema, "Mimi siwajui," wao wakasikia nadhani jina la mahali, kwa sababu waliuliza kama ni mbali.

3. Kwamba nililazimika kuwapeleka kwenye Ngome ya Osaka, ambako sikuwa nimefika kwa miaka thelathini.

Sikuwapeleka kwa kupenda. Nilipiga hesabu kwamba mahali kama pale pana watu wenye sare, nami ningewakabidhi kwao. Kwa kuwa mdomo haukuwa wangu, niliandika kwenye karatasi: "Watu hawa si wangu. Tafadhali wachukue." Nikamkabidhi mzee mmoja aliyekuwa akielekeza wageni mlangoni. Akaisoma, akanitazama, akaangalia kofia za zambarau, akacheka hadi akavua miwani. Naye ni mtu wa Osaka.

Tukaingia. Bi Nosaka akauliza, "Kiongozi, hii ilijengwa na nani?" Mimi historia ya ngome siijui zaidi ya mtoto wa shule. Lakini ndani ya ngome ile mna lifti, na ganzi ilikuwa inaanza kuachia. Maneno ya kwanza kutoka mdomoni mwangu yakiwa yamenyooka yalikuwa kuhusu uzito. Niliwaambia kwamba tuko ishirini, kwamba kwa miili yao naona wastani wa kilo hamsini na mbili, na kwamba mtu mwenye akili hapandi lifti yoyote kabla hajasoma kibao cha ndani. Wakatulia. Nikawaeleza jinsi kamba inavyozeeka: haikatiki kwa ghafla kama kwenye sinema, inaanza kwa nyuzi moja moja, na mkaguzi mzuri anaisikia kabla ya kuiona. Nikawaeleza breki za dharura. Nikawaeleza sauti ya mlango uliokaribia kuchoka.

Walinisikiliza, Ndugu Mkurugenzi. Mzee mmoja alikuwa anaandika. Mke wangu, Mungu amrehemu, nilikaa naye miaka thelathini na mitatu na hakuwahi kuuliza swali la pili kuhusu lifti. Hawa waliuliza la kumi na moja. Nalalamika kuhusu hili kwa sababu si haki mtu agundue akiwa na miaka sitini na tisa kwamba alichokijua maisha yake yote kilikuwa na wasikilizaji, ila walikuwa Shimane.

4. Kwamba nilipoteza yai.

Ninapokula kila Alhamisi ni kibanda cha Bi Sugie, nyuma ya soko, kinachouza okonomiyaki, zile chapati nene za kabichi zinazokaangwa mbele yako juu ya bamba la chuma. Kina viti tisa. Kwa miaka kumi na minne nimekaa kiti cha mwisho, nikainua kidole kimoja, nikala, nikainama, nikaondoka. Hatukuwahi kusumbuana.

Siku hiyo niliingia na watu kumi na tisa. Bi Sugie aliwatazama, akanitazama. Nikasema, "Samahani, tuko ishirini. Watakula kwa zamu, na wanaongoja zamu watakata kabichi."

Akaacha mwiko hewani. "Kumbe unaongea?"

"Naongea."

"Miaka yote hii nilidhani wewe ni bubu. Nilikuwa nakuwekea mayai mawili kwa huruma."

Tangu Alhamisi hiyo naletewa chapati yenye yai moja. Tena naulizwa habari za nyumbani. Anataka kujua jino linaendeleaje. Wiki iliyopita aliniita kwa jina mbele ya watu. Yai nalihesabu kuwa hasara. Haya mengine sijui niyaweke wapi, lakini yaandikeni.

5. Kwamba kulungu alikula barua yangu.

Sasa nafika kwenye jambo la kifamilia. Ningependa kulipita, ila hoja ya sita na ya saba zimesimama juu yake.

Nina ndugu mmoja tu, dada yangu mdogo Michiyo, anaishi Takabatake, nyuma ya bustani ya kulungu ya Nara. Miaka kumi na moja iliyopita mama yetu alifariki. Siku ya kuchoma mwili, tukiwa tumekaa tunangoja kuokota mifupa kwenye majivu pamoja kama inavyopasa, simu yangu ililia: lifti imekwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, watu wanne ndani, mmoja mjamzito, na fundi wa zamu hakuwa amewahi kuiona aina ile. Nikainuka. Michiyo akanishika mkono wa koti. "Kaka," akasema, "mama ni mmoja tu." Nami nikamjibu, "Mama ameshakufa. Wafu hawakosi hewa."

Nikaenda. Watu wanne walitoka salama. Michiyo aliokota mifupa ya mama peke yake, kazi ambayo kwetu hufanywa na watu wawili wawili.

Tangu hapo hatukusema neno. Kila mwaka, tarehe 26 Oktoba, siku aliyofariki mama, napanda treni hadi Nara nikiwa na barua ya kuomba radhi mfukoni. Nasimama mkabala na nyumba yake, penye mashine ya vinywaji. Nanunua kopo la chai ya moto, nakunywa polepole, narudi Osaka. Barua naiandika upya kila mwaka. Nakiri kwamba ilikuwa inapungua urefu.

Siku hiyo wageni wenu walipanda treni nami. Ratiba mliyowapa ilisema alasiri ni Nara. Sikuwa na hoja ya kuwazuia. Tulipofika bustanini, wao wakanunua biskuti za kulungu, mimi nikasimama pembeni nimeegemea mwavuli. Nikahisi koti linavutwa. Kulungu jike, mkubwa, mwenye uso wa karani, alikuwa ametoa barua mfukoni mwangu na anaitafuna bila haraka, bahasha na yote.

Bi Nosaka aliona kabla yangu. Mama yule ana miaka sabini na nane na kimo cha mtoto wa darasa la tano, lakini alimshika kulungu taya, akamwambia, "Tema, we mwizi," na kuokoa kipande. Akakinyoosha juu ya paja. Kisha, kwa sauti ya kusomea muhtasari wa mkutano, akasoma: "'Kwa Michiyo. Siku ile nilipokwambia kwamba...' Basi. Iliyobaki imeliwa." Akanitazama. "Ulimwambia kwamba nini?"

Sijawahi kumwambia mtu. Hata mke wangu nilimwambia tumegombana kuhusu nyumba. Lakini watu kumi na tisa walikuwa wamenizunguka wakiwa na biskuti mikononi, na kulungu naye alikuwa amesimama akingoja, nikasema yote: simu, mkono wa koti, wafu na hewa.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kuaminiwa.

Yule mama mnene akauliza, "Wa kwenye lifti walitoka?"

"Walitoka."

"Na mjamzito?"

"Alijifungua mwezi uliofuata. Mtoto wa kike. Walinitumia picha."

"Basi kwenda hukukosea," akasema Bi Nosaka. "Ulipaswa kwenda kimya. Mdomo ndio ulioharibu." Akakunja kile kipande cha barua akaniwekea mfukoni, akafunga kifungo. "Ratiba inasema nini baada ya kulungu?"

Mzee aliyekuwa akiandika akaangalia. "Hekalu. Budha mkubwa."

"Budha kakaa pale miaka zaidi ya elfu, hana pa kwenda. Dada yako ana umri gani?"

"Sitini na sita."

"Basi twende kwa dada."

6. Kwamba nilibisha hodi.

Nilikuwa na mpango wangu wa chai. Nilifika hadi kwenye mashine na kutia mkono mfukoni. Wazee kumi na tisa wakajipanga nyuma yangu, kila mmoja akidhani chai ni sehemu ya ziara, na nilipogeuka kuwaeleza, Bi Nosaka alikuwa ameshavuka barabara na kubonyeza kengele. Nikamkimbilia ili nimzuie. Mlango ukafunguka nikiwa mbele yake, nimeinua mwavuli wa njano.

Michiyo amekuwa mwembamba. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja, kama za mama. Alinitazama mimi, akaangalia kofia za zambarau zikivuka barabara moja moja na makopo ya chai, akanitazama tena.

"Mwaka huu umechelewa dakika arobaini," akasema.

Nilishindwa kuelewa. Akaonyesha dirisha la jikoni. Dirisha lile linatazama mashine ya vinywaji. Miaka kumi na moja alikuwa ananiona.

"Mbona hukutoka?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja umalize chai. Nawe ukimaliza, unaondoka."

Mkurugenzi, mimi si mtu wa maneno. Kipande kilichosalia cha barua hakikuwa na msaada. Nikasema, "Michi, siku ile nilikosea."

"Ulikosea kwenda au kusema?"

Nyuma yangu nilisikia watu kumi na tisa wakiacha kupumua. "Kusema," nikajibu. "Kwenda, ningekwenda tena."

Halafu akasema, "Mama mwenyewe angekufukuza uende." Akajifuta macho kwa aproni, akawatazama waliokuwa nyuma yangu. "Na baraza hili umelitoa wapi? Mmekula?"

Waliingia wote. Pale mlangoni viatu vilifika hadi barabarani. Yule mzee wa kuandika aliuliza nyumba ilijengwa lini, Michiyo akamjibu mwaka wa hamsini na tano wa enzi ya Showa, yaani 1980, akaandika, na wengine wakapiga picha ngazi. Kisha Bi Nosaka akaona madhabahu ya nyumbani na picha ya mama. Akapiga magoti bila kuuliza, akawasha ubani. Wakafuata wenzake, mmoja baada ya mwingine. Mama yetu hakuwa mtu wa wageni. Siku hiyo alifukiziwa ubani na watu kumi na tisa wasiomjua, na kila mmoja alimwambia kwa sauti ya chini jina lake na alikotoka, kama mtu anayejiandikisha hotelini.

Mimi na Michiyo tuliwasha wa mwisho pamoja. Tulishika kijiti kimoja.

Kwa taarifa yenu, tulirudi Tennoji saa kumi na moja na nusu jioni. Hapo ndipo tulipokutana na Bwana Yura, mwavuli wake wa njano umefungwa, uso umemwisha damu, na kando yake mzee mmoja wa kofia ya zambarau. Alikuwa Mzee Kinsaku, mume wa Bi Nosaka, mtu pekee kati yao aliyebahatisha lango sahihi. Bwana Yura alikuwa amemwongoza yeye peke yake siku nzima, na kumweleza historia yote ya ngome upande wa sikio la kulia, ambalo ni kiziwi. Nilimuuliza Bi Nosaka kama hakuona kwamba mumewe hayupo. Akasema, "Niliona siku ina utulivu, ila sikujua ni kwa nini." Mzee Kinsaku akatangaza kwamba ameona kila kilichoandikwa kwenye ratiba. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Bwana Yura aliniinamia mara nyingi. Ni kijana mwema, na malalamiko haya hayamhusu. Yeye ndiye aliyenipa anuani yenu.

7. Kwamba sasa nina ndugu.

Hili ndilo dai langu kubwa. Kila Jumapili saa moja asubuhi Michiyo ananipigia simu. Ananiuliza nimekula nini, na nikimjibu anasikitika. Kila wiki ananitumia vitonge vya wali na samaki vilivyofungwa kwa majani, vingi kuliko mtu mmoja awezavyo kumaliza, hivyo nalazimika kumpelekea Bi Sugie vingine, naye analazimika kunirudishia kitu. Jumapili mbili zilizopita Michiyo amekuja Osaka mwenyewe. Anaishi mwendo wa nusu saa na ushee kwa treni, na hakuwa amewahi kupanda Ngome ya Osaka. Alitaka aonyeshwe kila walichoonyeshwa wale. Tulipanda ile lifti mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho akasema anaisikia kamba.

Mtu aliyezoea ukimya kwa miaka kumi na moja huwezi kumpa haya yote kwa mkupuo. Hata lifti ikitoka kukwama haiendeshwi kwa kasi siku ya kwanza.

Kwa hiyo nimelitafakari jambo hili kisheria, na hoja yangu ni nyepesi. Kama wageni wenu waliniona kuwa kiongozi wenu, na kama nilifanya kazi ya kiongozi kuanzia Tennoji hadi Takabatake, basi siku hiyo nilikuwa kazini kwenu. Kama nilikuwa kazini kwenu, maneno niliyoyasema mlangoni kwa Michiyo niliyasema kwa niaba ya kampuni. Kwa hiyo msamaha alioutoa ni mali ya Awayuki, mimi nimekaa nao tu kama mzigo uliosahauliwa kwenye treni. Naomba yafuatayo:

Kwanza, mje kuuchukua. Mkishindwa kuuchukua, mniandikie barua rasmi kwamba mmeniachia, ili nisiishi kama mwizi.

Pili, mmwandikie Bi Sugie kumweleza kwamba sauti aliyoisikia tarehe 26 Oktoba ilikuwa ya kampuni, arudishe yai.

Tatu, kulungu. Sijui mnaweza kufanya nini kuhusu kulungu. Lakini mtu akisafiri nanyi akaibiwa, nadhani huwa kuna utaratibu.

Nne, kila tarehe 26 Oktoba kuanzia mwaka kesho, mtume watu kumi na tisa nyumbani kwa dada yangu kuwasha ubani. Mama ameshazoea, na si vizuri kumwonjesha mtu wageni halafu kumkatia. Msipopata watu, basi hata ishirini na wawili.

Tano, waraka wenu utaje lango.

Natumaini mtalishughulikia jambo hili kwa uzito linaostahili na kunijibu kabla mwaka haujaisha.

Nisalimie Bwana Yura, na umwambie upande wa kushoto ndio unaosikia. Wasalimie mabinti wanaopokea simu hapo ofisini, ambao niliwapigia mara nne wakanivumilia, na dereva wenu wa basi, na yeyote anayechapa zile karatasi za ratiba. Bi Sugie anawasalimu. Dada yangu anawasalimu, na anauliza kama mmekula.

Ni mimi niliyefuatwa,

Teruhiko Muneoka
Mkaguzi Mstaafu wa Lifti

N.B. Pamoja na barua hii nimeambatanisha fomu yenu ya maombi ya kazi ya kiongozi wa ziara za siku moja, niliyoichukua ofisini kwenu Jumanne. Nimeijaza kote isipokuwa sehemu ya tisa, "Eleza uzoefu wako," ambayo mmeipa mistari mitatu tu. Kwa sehemu hiyo, tafadhali someni hoja ya kwanza hadi ya saba hapo juu. Mdhamini wangu ni Bi Michiyo Ushida wa Takabatake, Nara. Nimesikia kwamba umoja wa achari umeweka nafasi kwa ajili ya Aprili, na kwamba safari hii wako thelathini na mmoja. Naomba msimpe mtu mwingine.